Kisu na Kamera Katika Matembezi ya Porini



Kila tunapowachukua wanafunzi wetu wa ualimu kwenda kutembea katika pori la milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, twaulizwa maswali mawili na watu tunaokutana nao njiani. Mmoja huona kisu kiunoni mwetu akauliza, "Mwalimu, mnakwenda kuwinda?" Mwingine huona kamera akauliza, "Mwalimu, mnakwenda kupima ardhi?" Maswali hayo si ya kipuuzi. Mwenye kisu aweza kudhuru, na mwenye kamera aweza kuchukua kitu cha mtu bila ya mwenyewe kujua.

Basi leo twataka kueleza kwa nini vyombo hivi viwili vyafaa porini, namna ya kuvichagua na kuvitumia, na zaidi ya yote adabu ya kuvichukua. Maana tumejifunza kwa gharama kwamba kila kimoja chahitaji ala yake. Ala ya kisu ni ya ngozi. Ala ya kamera ni ya namna nyingine, nayo tutaieleza kabla ya kuagana.

Kwanza tulitaje pori lenyewe. Sehemu kubwa ya nchi ya Songea, kama ilivyo sehemu kubwa ya kusini na magharibi mwa Tanzania, ni nchi ya miombo. Miombo si msitu wa giza. Ni pori la miti iliyoachana kidogo, jua likipenya mpaka chini, na majani marefu yakiota kati ya mashina. Kiangazi majani ya miti hupukutika, na moto hupita mara nyingi. Kisha mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, miti huchipua majani mapya mekundu kama shaba, mtu akadhani mlima mzima unawaka. Humo mna mninga, mna mkusu utupao masuku, mna mbula na mtonga. Huko Matogoro ndiko unakoanzia mto Ruvuma, ambao baadaye hushika mpaka wetu na Msumbiji hata ukaingia Bahari ya Hindi. Kwa hiyo aendaye katika pori hilo haendi mahali patupu. Aingia katika ghala na kisima cha watu wengi, na yampasa aingie kama mgeni aingiavyo nyumbani mwa mtu.

Sasa kisu. Kisu kifaacho porini ni kidogo, tena kisichokunjwa. Kisu cha kukunja chafaa mfukoni mjini, lakini kiungo chake hujaa mchanga na utomvu, na kikilegea, makali hujifunga juu ya vidole vya mwenyewe. Kisu kisichokunjwa hakina kiungo. Chuma chake ni kimoja toka ncha hata ndani ya mpini. Urefu wa makali uwe sentimita 8 mpaka 10, yaani kama upana wa kiganja cha mtu mzima. Kirefu kuliko hapo ni mzigo, tena huwatia watu hofu. Panga ni chombo cha shamba, na mtu atembeaye kwa kujifunza hana haja ya kufyeka njia.

Si lazima kukinunua dukani. Wahunzi wetu wa vijijini hufua visu vizuri kwa chuma cha springi za magari yaliyokwisha. Ukienda kwa mhunzi, tazama mambo matatu. Kwanza, chuma kiingie ndani ya mpini mpaka mwisho wake, si nusu tu, maana kikiingia nusu kitang'oka siku utakapokihitaji. Pili, mpini uwe wa mti mgumu, kama mpingo au mninga, lakini usisuguliwe hata ukateleza mkono ukilowa. Tatu, mgongo wa kisu uwe mnene kiasi, usipinde ukikikaza. Chuma cha namna hiyo hupata kutu upesi. Basi baada ya safari kioshe, kikaushe, kipake mafuta kidogo, hata mafuta ya alizeti yatosha.

Kitu cha nne ni ala, nacho twakitaja peke yake kwa kuwa wengi hukisahau. Ala njema ni ya ngozi nene, vipande viwili vilivyoshonwa pamoja. Upande wa makali, katikati ya vile vipande viwili, hutiwa ukanda wa tatu wa ngozi, ili makali yaguse ukanda huo wala yasikate uzi wa mshono. Juu pawe na kishikizo cha kuuzuia mpini, ili kisu kisichomoke mtu akiinama au akianguka. Ala isiyo na kishikizo yafanana na mlango usio na komeo.

Nasi tulipataje kuyajua haya? Kwa kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado nyingi, tulipanda Matogoro na wanafunzi 19. Kabla ya kuondoka tulikagua viatu, tukakagua maji, tukakagua chakula. Hatukuuliza habari ya visu. Kijana mmoja alikuwa amekifunga kisu chake katika karatasi ya gazeti na kukitia katika mfuko wa suruali. Wakati wa kushuka, tulipokuwa tukivuka kijito, aliteleza juu ya jiwe akaanguka kwa ubavu. Karatasi ile ilikuwa imekwisha kulowa. Kisu kikapenya, kikamkata paja.

Damu ilitoka nyingi. Mwenzake mmoja, binti aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza, alikunja kitambaa safi akakikandamiza juu ya jeraha kwa viganja vyote viwili, wala hakukiinua kila mara kutazama kama damu imekoma, jambo ambalo sisi tulitaka kulifanya. Alitukataza. Kitambaa kilipolowa aliongeza kingine juu yake, akazidi kukandamiza. Sisi tukakata miti miwili, tukapitisha mikono ya mashati, tukafanya machela. Na kisu tulichokatia miti ile ni kile kile kilichomkata kijana, kwa kuwa hatukuwa na kingine chenye makali. Tulimbeba saa mbili mpaka barabarani. Hospitalini alishonwa, akapigwa sindano ya kuzuia pepopunda, na mganga akatuambia kwamba jeraha lilikuwa karibu na mshipa mkubwa.

Kijana yule alipona, naye sasa ni mwalimu. Lakini siku ile baba yake alipofika hospitalini, alitutazama kwa muda, kisha akasema neno moja tu, "Walimu, niliwapa mtoto mzima." Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile, asiye na ala hapandi mlima nasi akiwa na kisu. Akiacha kisu, apanda. Akija na ala, apanda. Lakini kisu katika karatasi hakitoki mlangoni.

Wazee husema, mtoto akililia wembe mpe. Maana yake ni kwamba akijikata atajifunza. Sisi twaona, pamoja na heshima zote kwa wazee, kwamba mwalimu hana ruhusa ya kungoja funzo la namna hiyo. Ampe mtoto wembe, lakini kwanza amfundishe kuushika.

Na mafundisho yenyewe ni machache. Kata kuelekea nje, usikate kuelekea mwilini mwako, wala usikate kitu ulichokipakata juu ya mapaja. Kabla ya kuchomoa kisu nyosha mkono wako na uzunguke. Kama mkono wako wamfikia mtu, ngoja aondoke. Usitembee na kisu kitupu mkononi, hata hatua tatu. Ukimpa mwenzio, mpe mpini, nawe usiachie mpaka aseme, "Nimepokea." Tena kinoe mara kwa mara. Watu wengi hudhani kisu butu ni salama. Sivyo: kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ikizidi mkono huteleza. Kisu kikali hukata kile ukitakacho. Kisu butu huchagua chenyewe.

Je, chafanya kazi gani? Kazi zake ni ndogo ndogo, lakini siku moja huwa kubwa. Humenya tunda, hukata kamba, huchana kitambaa cha kufungia jeraha, huchonga vijiti vya kuutuliza mkono uliovunjika. Kuna kazi moja ambayo si yake, nayo twaisema wazi kwa kuwa bado watu huitenda: kuchanja mahali alipouma nyoka. Kuchanja hakutoi sumu. Huongeza damu na jeraha jingine juu ya la kwanza. Wala usinyonye kwa mdomo, wala usifunge kamba ya kukaza. Aliyeumwa na nyoka alazwe, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali kwa haraka iwezekanayo. Hapo kisu kibaki alani.

Na kuna kazi nyingine isiyo yake. Safari moja ya mwezi wa Septemba tulisikia mwanafunzi akiita, "Mwalimu! Mti unatoka damu!" Tulikwenda tukamkuta mbele ya mninga, ameanza kuchora jina lake katika gome. Alikuwa amefika herufi ya tatu, na katika kila herufi ulichuruzika utomvu mwekundu mzito, kama damu hasa. Ndivyo mninga ulivyo. Kijana aliogopa, akataka kuupangusa kwa shati.

Hatukumwadhibu. Tulimkalisha chini pamoja na wenzake, tukawaeleza maisha ya mti ule. Mche wa mninga haukui kama mhindi. Kila kiangazi sehemu yake iliyo juu ya ardhi hufa kwa ukame na moto, na mvua zikija huchipua tena, na kiangazi kikija hufa tena. Hivyo huenda miaka mingi, mizizi ikinenepa chini polepole, mpaka mwaka mmoja upate nguvu ya kutoa shina refu litakaloushinda moto. Kwa hiyo mninga unaouona umefika kiunoni mwako huenda ukawa na umri kuliko mtoto wa darasa la tatu. Na ule uliokuwa mbele yetu, wenye shina la kukumbatiwa na mtu mmoja, bila shaka ulikuwapo kabla hajazaliwa yeyote kati ya wanafunzi wale. Gome ndiyo ngao yake. Ukilitoboa, wafungua njia ya wadudu, ya maradhi na ya moto.

Yule kijana akauliza, "Lakini mwalimu, nataka ibaki alama kwamba nilifika hapa. Nifanyeje?" Swali jema. Tukampa kamera.

Mabibi na mabwana, kutwaa kitu na kukiacha mahali pake ni jambo ambalo wazee wetu hawakuliweza, nasi twaliweza. Zamani aliyetaka kuujua mti ilimbidi akate tawi. Daktari John Kirk alikuwa mtaalamu wa mimea katika msafara wa Daktari David Livingstone wa mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858, na mwaka 1862 wawili hao waliupanda mto Ruvuma kwa mashua. Kirk alikata majani na maua akayakausha, tena alikuwa mpiga picha. Jina la kitaalamu la mkusu, *Uapaca kirkiana*, limetokana na jina lake. Hivyo kila alaye masuku hapa Songea ala tunda la mti wenye jina la mtu aliyechukua kisu na kamera pamoja. Lakini kamera za siku zile zilikuwa masanduku mazito, zikitaka dawa za maji na mahali pa giza, na mtu wa kuzibeba. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ndogo iitwayo Kodak, yenye filamu ya picha 100 ndani yake. Zikiisha, kamera nzima ilirudishwa kiwandani zikasafishwe. Leo simu ya mkononi ya mkulima ina kamera ambayo Kirk asingeweza kuiota.

Wepesi huo ni neema, tena ni hatari. Picha isiyogharimu kitu hupigwa bila kufikiri. Mwanafunzi hurudi na picha 200, na ukimwuliza ni mti gani huu, hajui. Basi sisi twawafundisha kupiga picha nne kwa kila mti, wala si zaidi. Ya kwanza ni ya mti mzima toka mbali, ili umbo lake lionekane. Ya pili ni ya gome. Ya tatu ni ya jani, upande wa juu na wa chini ukionekana, kwa kuwa miti mingi hutambulikana kwa upande wa chini. Ya nne ni ya ua au ya tunda. Tunda la mninga, mathalan, halina mwenziwe: katikati ni mviringo wenye miiba, na kandokando limezungukwa na ubawa mwembamba kama karatasi. Aliyeliona mara moja hatalisahau.

Piga asubuhi au alasiri, maana jua la saa sita hufanya weupe uliokauka na weusi usioonyesha kitu. Tuliza mikono, egemea shina, ushushe pumzi, ndipo ubonyeze. Kisha, kabla ya kuondoka, andika katika daftari: mahali, tarehe, na jina ambalo wenyeji huuita mti ule. Picha isiyo na maandishi ni kama barua isiyo na jina la mwandishi.

Hapa ndipo kisu na kamera hushirikiana. Picha haisemi ukubwa wa kitu. Jani la urefu wa kidole na jani la urefu wa mkono huonekana sawa. Kwa hiyo sisi tumechora mistari juu ya ala ya kisu, kila sentimita mstari mmoja, na tupigapo picha ya jani au ya unyayo wa mnyama huiweka ala kando yake, kisu kikiwa ndani. Atakayetazama picha baada ya miaka kumi ataweza kupima. Kazi ambayo kisu hutufanyia mara nyingi kuliko zote huifanya bila kuchomolewa.

Neno moja juu ya uyoga, kwa kuwa katika mvua watu wa kwetu huupenda sana. Usile uyoga kwa kuutambua katika picha. Ukitaka kumwonyesha mjuzi, usiukate shinani; uchimbue taratibu kwa ncha ya kisu mpaka chini kabisa, maana uyoga mwingi wenye sumu kali huwa na kikombe au mfuko chini ya shina, ndani ya udongo. Aliyeukata juu ameacha ushahidi ardhini.

Sasa twaja kwenye ala ya kamera. Wako wadhanio kwamba kisu hudhuru na kamera haidhuru. Tusidanganyike. Mwaka 1905 Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alitoa kitabu chenye picha za wanyama alizopiga usiku kwa mwanga wa ghafula katika nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Watu wa Ulaya walizistaajabia, kwa kuwa hawakupata kumwona simba gizani. Lakini ili simba aje mbele ya kamera, aliwafunga punda na ng'ombe wawe chambo. Picha ilikuwa nzuri, punda hakuulizwa.

Na sisi watu wa Songea tuna sababu yetu ya kulikumbuka jambo hili. Katika Vita vya Maji Maji, toka mwaka 1905 hata 1907, zilipigwa picha za wafungwa wa nchi yetu wakiwa wamefungwa minyororo. Hapa Songea, tarehe 27 Februari 1906, makumi ya wazee wetu walinyongwa, wakazikwa katika kaburi la pamoja, na mahali hapo leo pana makumbusho. Picha za wafungwa wale zingaliko. Twazitazama kwa faida, kwa kuwa zatuonyesha yaliyotendeka. Lakini tazama nyuso zao: hakuna hata mmoja aliyeombwa ruhusa. Aliyeshika kamera alikuwa upande wa aliyeshika mnyororo. Basi mtu wa Songea atakayeinua kamera mbele ya mwenziwe, na akumbuke hilo.

Nasi tulisahau. Siku ile ile ya mninga, tuliposhuka chini ya msitu, tulipita penye mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na mzee mmoja akiifanyia kazi. Mwanafunzi wetu aliinua simu akapiga. Mzee akageuka, akatushukia polepole. Akasema, "Wanangu, mmenipiga picha kabla ya kuniamkia."

Tuliona haya, maana sisi walimu tulikuwa nyuma tu, tena tulikuwa tumeona. Tukasema, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba." Tukamwomba radhi, na mwanafunzi akataka kuifuta picha ile mbele yake. Mzee akamzuia. Akatueleza kwamba siku za nyuma walikuja watu wenye kamera wakapiga picha mashamba, hawakusema neno, na baada ya muda baadhi ya jirani zake wakaambiwa wahame. "Kwa hiyo," alisema, "nikiona kamera isiyosalimu, nauliza moyoni, leo ni zamu ya nani?"

Tulipomweleza shughuli yetu alifurahi. Alituonyesha mzinga wa gome na mzinga wa gogo, na miti ambayo nyuki huipenda, akatutajia majina ambayo hatukuyajua. Mwisho akavaa vizuri kofia yake, akasimama kando ya mzinga mkubwa, akasema, "Sasa nipigeni." Akaongeza, "Lakini mniletee. Sina picha yangu hata moja." Tukaahidi.

Wazee husema, ahadi ni deni. Muhula ule tulikuwa na mitihani. Kisha ikaja likizo, kisha mvua, kisha kazi nyingine. Kila mwezi tulisema, mwezi ujao. Ilipita miezi 11. Hata siku tulipokwenda na picha ile, imesafishwa vizuri, ukubwa wa daftari, tulimkuta mama, mkewe, peke yake. Mzee alikuwa amefariki majuma sita yaliyopita. Mama aliipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama, akaingia nayo ndani, akakaa. Alipotoka alitushukuru. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba siku za ugonjwa wake mzee alikuwa akiuliza kama walimu hawajapita.

Wasikilizaji wetu, hiyo ndiyo ala ya kamera tuliyoahidi kuieleza. Ni salamu kabla ya picha, ruhusa kabla ya picha, na kulipa deni baada ya picha. Kamera isiyo na mambo hayo matatu ni kisu katika karatasi. Yaweza kukaa mfukoni siku nyingi bila ya kumkata mtu, mpaka siku mvua inaponyesha.

Tumalizie na maneno machache ya sheria, ili mtu asije akatumbukia kwa kutojua. Msitu wa hifadhi si mali ya mpita njia. Kabla ya kuingia, ombeni ruhusa kwa ofisi ya misitu, na kwa serikali ya kijiji kilicho jirani. Katika hifadhi za taifa hairuhusiwi kuingia na silaha bila ya kibali. Ulizeni langoni kama kisu chenu kitakubaliwa, na mkiambiwa kiacheni, kiacheni bila ubishi. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha. Katika ndege kisu hakichukuliwi mkononi. Hutiwa katika mzigo mkubwa. Na mjini hakuna haja ya kukitundika kiunoni kama mapambo. Kitie mkobani, maana watu hawajui moyo wako, wajua tu wakionacho.

Basi nanyi wanafunzi, siku mtakapokwenda porini, nendeni wawili au zaidi, mkimwambia mtu wa nyumbani njia mtakayoshika na saa mtakayorudi. Chukueni maji, kitambaa safi, daftari na kalamu. Chukueni kisu kidogo alani, na kamera kama mnayo. Jioni mkirejea, hesabuni: kisu kimekata nini, na kilikuwa na haja ya kukatwa? Kamera imechukua nini, na mwenyewe alijua? Ikiwa kuna mtu mmoja njiani mliyemwahidi picha, msiseme mwezi ujao. Mpelekeeni juma hili.

Kwaherini.